TV Isiyo na Tundu la Hedifoni: Sauti Tuichote Wapi?

Katika miezi ya baridi ya Ulaya, mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na kipenga cha mwisho hupulizwa saa saba ikikaribia. Katika nyumba ya chumba na sebule, au kwenye vyumba vya kupanga ambavyo ukuta haufiki darini, anayetaka kumsikia mtangazaji ni mmoja na wanaotaka kulala ni watano. Hedifoni ingemaliza ugomvi. Mtu anainuka, anapapasa nyuma ya TV, anakuta HDMI mbili, USB moja, tundu la antena, tundu la waya wa intaneti na kishimo cha mraba chenye kifuniko cha plastiki. Lile tundu dogo la mviringo halipo.

Kesho yake anakwenda dukani na swali moja: nipe kifaa cha kuunganisha hedifoni kwenye TV. Hapo ndipo hela inapopotea. Muuzaji anavyo vifaa vya aina nyingi vinavyojibu swali hilo, vyote vya kweli, na vingi kati ya hivyo huenda visifae kabisa kwa TV ya mteja huyu. Swali lenye faida ni jingine: sauti ninayotaka kuisikia inatoka wapi, inapita wapi, na ni sehemu gani ya njia hiyo inayokubali kuchotwa? Kwa nyumba nyingi za kwetu jibu halimo ndani ya TV. Limo kwenye king'amuzi kilichokaa chini yake.

Tundu lenyewe lina ukoo mrefu. Pini nene ya milimita 6.35 ilitumika kwenye mitambo ya kuunganishia simu tangu karne ya 19, mhudumu akiichomeka na kuichomoa kwa mkono. Mdogo wake wa milimita 3.5 alikuja na redio za transista, akaenea dunia nzima baada ya Sony kutoa Walkman mwaka 1979. Mwaka 2016 Apple ilitoa iPhone 7 bila tundu hilo, na kampuni nyingine za simu zikafuata. Kwenye TV hakuna tarehe moja ya kukumbukwa. Lilitoweka kimyakimya, toleo hadi toleo, kwa sababu ambazo naona ni za kihasibu zaidi kuliko za kiufundi. Tundu, saketi ya kulihudumia na nafasi yake kwenye bodi vyote ni gharama, na kiwanda kinachotoa TV kwa mamilioni huhesabu kila senti. Bluetooth ikawa kisingizio kizuri.

Kilichosahaulika ni kwamba tundu lile lilikuwa likifanya kazi nne kwa mpigo. Ndani ya TV ya kisasa sauti husafiri kama namba, kwa hiyo kwanza lazima igeuzwe kuwa mawimbi ya umeme. Mawimbi hayo ni dhaifu. Lazima yatiwe nguvu ya kusukuma spika ndogo za hedifoni, ambazo nyingi zina ukinzani wa omu 16 hadi 32. Tatu, kupanda na kushuka kwa sauti kunatakiwa kufuate rimoti. Nne, pini ikiingia, spika za TV zinatakiwa zinyamaze. Kila mbadala unaouzwa leo hufanya baadhi ya kazi hizi na kuziacha nyingine, na karibu kila lalamiko la kwamba kifaa kimenunuliwa na hakifanyi kazi chanzo chake ni ile kazi iliyoachwa. Ukiwa na orodha hii kichwani, utamfahamu muuzaji haraka kuliko yeye anavyofahamu bidhaa zake.

Turudi kwenye king'amuzi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikakamilisha zoezi lake mwaka 2015, mwaka ambao makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya 2006 yalikuwa yameuweka kuwa ukomo wa kuhama analojia. Tangu hapo, iwe ni dishi au antena, matangazo katika nyumba nyingi huingia kwanza kwenye king'amuzi, ndipo yapite kwenye waya wa HDMI hadi kwenye TV. Zipo TV zenye king'amuzi ndani yake, lakini mtazamaji wa mechi za kulipia na tamthilia ana boksi la pembeni. Maana yake, sauti imeshafika chumbani, imeshafunguliwa na iko tayari, kabla TV haijaigusa.

Na boksi hilo mara nyingi lina kitu ambacho TV yako mpya haina: matundu matatu ya rangi, ya manjano kwa picha, ya nyekundu kwa sauti ya kulia na ya nyeupe kwa sauti ya kushoto. Yaliwekwa kwa ajili ya TV za chogo, na watengenezaji wa ving'amuzi wameendelea kuyaweka kwa kuwa TV hizo bado zipo majumbani. Katika ving'amuzi vingi matundu hayo yanaendelea kutoa sauti hata HDMI ikiwa imechomekwa. Achana na la manjano. Kwenye nyekundu na nyeupe chomeka waya wa kawaida wenye vichwa viwili upande mmoja na pini au tundu la milimita 3.5 upande wa pili. Kazi ya kugeuza imeshafanywa na king'amuzi. Kazi ya kupandisha na kushusha sauti, kwa ving'amuzi vingi, inafuata rimoti ya king'amuzi. Kunyamazisha spika ni kubonyeza kitufe kwenye rimoti ya TV, na sauti ya king'amuzi haitajali.

Iliyobaki ni kazi ya pili, nguvu. Matundu ya rangi hayakutengenezwa kusukuma hedifoni; yalitengenezwa kupeleka ishara kwenye mashine nyingine ambayo itaitia nguvu yenyewe. Ukichomeka iafoni moja kwa moja utasikia, lakini kwa mbali, na besi itakuwa imekonda. Dawa ni amplifaya ndogo ya hedifoni, kifaa cha ukubwa wa kiberiti kinachotumia umeme wa USB. Kabla ya kuinunua, angalia kwanza kilichomo ndani ya nyumba. Spika nyingi za kompyuta zina tundu la hedifoni mbele, na redio nyingi za zamani zina mlango wa AUX nyuma na tundu la hedifoni pembeni. Ingiza sauti ya king'amuzi huku, toa kwa hedifoni kule, na gharama yako yote ni waya. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kwanza ambayo mtu wa Afrika Mashariki angepaswa kuijaribu, na ndiyo ambayo hutajwa kwa nadra madukani kwa sababu haina faida kwa anayeuza.

Tahadhari mbili. Ving'amuzi vidogo vimebadilisha matundu matatu kuwa tundu moja la milimita 3.5 lenye maandishi AV. Linafanana kabisa na tundu la hedifoni, ila ndani yake kuna picha pia. Ukichomeka hedifoni unaweza kusikia mvumo mkali, kwa kuwa ishara ya picha huweza kuingia kwenye njia ya sauti. Tundu hilo linahitaji waya wake wa matawi matatu, na mpangilio wa miguso kwenye pini haufanani kwa kampuni zote. Waya wa boksi moja unaweza kuleta kelele kwenye boksi jingine. Pia TV yenyewe huweza kuwa na vishimo vya kudanganya. Cha AV cha kwenye TV kwa kawaida ni cha kuingizia, hakitoi kitu. Kipo hata kingine, chenye neno SERVICE, ambacho ni cha mafundi wa kiwanda. Soma maandishi. Tundu la AV la kwenye TV lisilo na neno OUT kwa kawaida halikupi sauti hata ukilibembeleza.

Njia hii ina mpaka wake. Inakupa sauti ya king'amuzi peke yake. Ukifungua YouTube au Netflix ndani ya TV, au ukichomeka flashi yenye filamu, sauti hiyo inazaliwa ndani ya TV na king'amuzi hakijui habari zake. Hapo ndipo kile kishimo cha mraba kinapoingia kazini.

Kishimo hicho ni tundu la optiki. Toshiba ilikibuni mwaka 1983 kwa ajili ya kuunganisha vicheza CD na amplifaya, na hadi leo kimesalia nyuma ya TV nyingi ambazo zimepoteza matundu mengine. Hakitoi umeme. Kinatoa mwanga mwekundu unaowaka na kuzimika kwa kasi, na namba za sauti zimo katika mwako huo. Ukitaka kujua kama kiko hai, washa TV, fungua kifuniko na utazame: mwanga mwekundu ukionekana, kazi ipo. Kwa kuwa ni namba, kinahitaji kigeuzi, kile ambacho maboksi yake huandikwa DAC. Ni kiboksi kidogo chenye mlango wa optiki upande mmoja na matundu ya rangi au ya milimita 3.5 upande mwingine, nacho huchota umeme wake kwenye USB ya TV.

Watu hushindwa na kifaa hiki kwa mambo madogo. Ncha za waya mpya huja na vifuniko vya plastiki angavu ambavyo havionekani kwa urahisi. Visipotolewa, waya hauingii au mwanga haupiti. Waya wenyewe haupendi kukunjwa pembe kali nyuma ya kabati. Lakini kosa linalorudisha vigeuzi vingi dukani vikiwa vizima limo kwenye mipangilio ya TV. TV inaweza kutuma sauti kwa namna mbili: PCM, yaani chaneli mbili zilizo wazi, au kifurushi kilichobanwa cha Dolby kwa ajili ya mifumo ya spika nyingi. Kigeuzi cha bei nafuu huelewa PCM tu. Kikipewa Dolby kinakaa kimya au kinakoroma. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sehemu ya kutolea sauti ya kidijitali, chagua PCM. Vigeuzi vingi vilivyotupwa kabatini vingefufuka kwa hatua hiyo moja.

Baada ya hapo utagundua kazi ya tatu imeachwa. Katika TV nyingi sauti ya optiki ni ya kiwango kimoja, rimoti haiigusi. Kwa hiyo nunua kigeuzi chenye tundu la hedifoni na kitufe cha kuzungusha juu yake, hata kikizidi bei kidogo. Kile chenye matundu ya rangi peke yake kitakurudisha kwenye tatizo la nguvu tulilolikuta kwenye king'amuzi.

HDMI nayo ina njia zake mbili, na wauzaji huzichanganya. Ya kwanza ni kitenga sauti kinachokaa katikati ya king'amuzi na TV: picha inapita, sauti inachepushwa pembeni. Kinafaa pale ambapo king'amuzi hakina matundu ya rangi, ingawa ulinzi wa nakala uliomo kwenye HDMI, HDCP, huweza kufanya picha ikatike kwa vitenga vya bei ya chini. Ya pili ni ARC, iliyokuja na toleo la 1.4 la HDMI mwaka 2009. Hiyo hurudisha sauti kutoka kwenye TV kwenda nje kupitia waya uleule. Ni tundu moja tu la HDMI kwenye TV lenye uwezo huo, na limeandikwa hivyo. Kitenga cha kawaida hakifanyi kazi kwenye tundu la ARC, kwa sababu kinasubiri ishara ya kuingia ilhali ARC inatoka. Inabidi kinunuliwe kilichoandikwa ARC. Mwenye optiki sioni kwa nini ajisumbue na ARC kwa ajili ya hedifoni.

Hadi hapa tumezungumzia nyaya. Wengi wanaotaka hedifoni hawataki waya unaokatiza sebuleni, mtoto aukanyage na TV ianguke. Wanataka Bluetooth.

Bluetooth ilianzia Ericsson huko Lund, Sweden, mwaka 1994, ikapewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, na haikukusudiwa TV. Swali la kwanza ni kama TV yako inayo. Usidanganywe na neno kwenye boksi: kuna TV ambazo Bluetooth yake ni ya rimoti peke yake na haipeleki sauti. Ingia kwenye mipangilio ya sauti. Ukikuta orodha ya kutafuta spika za Bluetooth, umefika, na huhitaji kununua chochote. Kabla ya kuunganisha, zima Bluetooth ya simu yako, maana hedifoni ikiwashwa hukimbilia simu inayoifahamu. Mwenye boksi la Android au fimbo ya aina ya Fire TV anaweza kuunganisha hedifoni na kifaa hicho moja kwa moja, TV ikabaki kioo tu.

TV ikiwa haina Bluetooth ya sauti, kuna transmita. Na hapa upo mtego ambao nadhani ndio unaokula hela nyingi kuliko yote. Transmita ndogo inayofanana na flashi huchomekwa kwenye USB ya TV, taa yake inawaka, mnunuzi anafurahi, sauti haitoki. USB ya TV kwa kawaida haitoi sauti. Inatoa umeme na kusoma mafaili, basi. Transmita ile inawaka kwa umeme wa USB, lakini sauti inatakiwa iingie kwa waya kupitia tundu lake la pembeni, na TV yetu haina pa kuchomeka upande wa pili wa waya huo. Kwa hiyo transmita inayofaa ni yenye mlango wa optiki, au basi ifungwe kwenye matundu ya rangi ya king'amuzi. Isitoshe, vipo vifaa vya dukani vinavyopokea tu Bluetooth bila kutuma, kama vile vya kuweka kwenye redio ya gari, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Mwulize muuzaji neno moja: inatuma?

Kisha kuna kuchelewa. Sauti ya Bluetooth lazima ibanwe, igawanywe vipande, irushwe hewani, ipokelewe, ikusanywe kwenye akiba ndogo ili isikatike, ndipo ifunguliwe. Kwa kodeki (namna ya kubana sauti) ya msingi, SBC, ambayo kila hedifoni ya Bluetooth inayo, safari hiyo kwa kawaida huchukua kati ya milisekunde 150 na 250. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake la mwaka 1998 liliweka kiwango: mtazamaji huanza kugundua tatizo sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa milisekunde 125. Ona jinsi pande hizo mbili zisivyolingana. Tumezoea sauti ya mbali kuchelewa, kwa kuwa mwanga huenda kasi kuliko sauti. Mtu akipasua kuni mita 34 kutoka ulipo, mlio unakufikia sehemu ya kumi ya sekunde baada ya shoka kutua. Sauti inayotangulia tendo haipo katika maumbile, na ubongo huikataa mara moja.

Lakini kiwango hicho kinamhusu mtu anayetazama midomo, na hapa wachambuzi wa vifaa huhukumu Bluetooth kwa ukali kupita kiasi. Tazameni tunachokitazama. Mtazamaji wa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili ameshakubali tangu kipindi cha kwanza kwamba midomo na maneno haviendani. Mwongezee milisekunde 200 na hatajua. Mtazamaji wa mpira haoni mdomo wa mtangazaji. Atagundua kidogo kwenye mlio wa kipenga na mpira unapogonga mwamba, na kama jirani anatazama kwa antena na yeye kwa dishi, kelele za goli zitakuwa zimeshamfikia kupitia ukutani kwa tofauti kubwa kuliko ya Bluetooth. Taarifa ya habari inasumbua. Filamu ambayo haikutiwa sauti nyingine inasumbua zaidi. Anayecheza gemu ndiye asiyeweza kuvumilia kabisa, maana kwake sauti iliyochelewa ni goli alilofungwa.

Kwa wanaosumbuka, tiba zipo ila zina masharti. Kodeki ya aptX Low Latency hupunguza kuchelewa hadi milisekunde 40 hivi, lakini lazima iwepo pande zote mbili. Transmita yenye aptX na hedifoni isiyo nayo hurudi kwenye SBC bila kukuambia. Ule mpangilio wa TV wa kurekebisha sauti na picha mara nyingi huchelewesha sauti tu, jambo ambalo ni kinyume cha unachotaka. Na kuna faraja isiyotarajiwa kwa wale waliochota kwenye king'amuzi. TV za kisasa huchelewesha picha kwa makumi ya milisekunde wakati zikiing'arisha, kwa hiyo sauti ya waya kutoka kwenye king'amuzi huwahi kidogo, ule upande mbaya. Ukisikia hivyo, weka TV kwenye hali ya gemu ili picha iharakishwe. Ukitumia transmita ya Bluetooth kwenye king'amuzi, acha urembo wa picha uwake: kuchelewa kwa picha kutakula sehemu ya kuchelewa kwa sauti.

Zipo pia hedifoni zisizo na waya ambazo si Bluetooth, zinazokuja na kituo chao cha kurushia. Za mawimbi ya redio ya analojia hazicheleweshi kitu, ila zina mvumo wa chinichini, na za infraredi hukatika mtu akipita katikati. Wazee huzipenda kwa kuwa hazina habari ya kuunganisha. Ukiinua hedifoni, sauti ipo. Ndugu wa Marekani akitaka kukutumia, mwambie asome lebo kwanza. Nyingi za kule hutumia mawimbi ya karibu na megahazi 900, ambayo huku ni njia ya mitandao ya simu, na adapta yake ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake haitamaliza dakika nyingi kwenye umeme wetu wa 230 au 240.

Kuna suluhu moja ya mtaani ambayo siiungi mkono hata ikifanywa na fundi hodari: kufungua TV na kuunga tundu la hedifoni kwenye nyaya za spika. Kwenye TV za chogo ilifanyika na ikadumu. Kwenye TV bapa mambo yamegeuka. Amplifaya zake nyingi ni za aina ambayo nyaya zote mbili za kila spika hubeba ishara. Hakuna waya wa ardhi. Tundu la hedifoni linaunganisha upande mmoja wa sikio la kulia na la kushoto kwenye mguso mmoja. Ukiliunga hapo umekutanisha nyaya mbili hai, na amplifaya inaungua au, ukibahatika, inajizima. Hata likiungwa kwa kutenganishwa, spika ile hupewa wati kadhaa ilhali hedifoni hutosheka na sehemu za maelfu ya wati. Bila vizuizi, kitakachopasuka ni hedifoni au ngoma ya sikio. Halafu kuna bodi ya umeme, ambayo kapasita yake kubwa hushika zaidi ya volti 300 na huweza kubaki nazo baada ya plagi kuchomolewa.

Usalama wa sikio unastahili neno hata kwa wale waliounganisha vizuri. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 89 ni tano. Anayetazama mechi moja na tamthilia mbili kwa siku hufika haraka akipandisha sauti kushinda feni na jenereta la jirani. Hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote zina faida hapa, kwa kuwa huzuia kelele za nje na sauti ya chini inatosha.

Mpaka sasa nimemfikiria mtu anayetaka kusikia peke yake. Lipo hitaji la pili, na nyumba zetu za ukoo zinalijua: babu ambaye masikio yamepungua anataka sauti juu, wajukuu wanaona kero. Yeye hahitaji spika zinyamaze. Anahitaji sauti yake binafsi juu ya sauti ya wote. TV nyingi zikiunganishwa na Bluetooth hukata spika zake, kwa hiyo kumpa babu hedifoni ni kuwanyima wengine. Baadhi ya matoleo mapya yana chaguo la kutoa sauti pande zote mbili, limefichwa kwenye mipangilio ya watu wenye mahitaji maalumu, mahali ambapo muuzaji hajawahi kuingia. TV isipokuwa nalo, matundu ya rangi ya king'amuzi yanashinda kila kitu: babu ana amplifaya yake na kitufe chake cha kuzungusha, TV inaendelea kuzungumza na sebule kwa kiasi cha watu wote, na hakuna rimoti inayogombaniwa.

Teknolojia inayokuja inalenga hitaji hilihili. Bluetooth mpya ya sauti, LE Audio, ilitangazwa mwaka 2020, na sehemu yake iitwayo Auracast huruhusu TV moja kurusha sauti kwa hedifoni na vifaa vya kusaidia usikivu vya watu wengi kwa pamoja, kama kituo kidogo cha redio. Lakini pande zote mbili ziwe nayo, na TV inayouzwa leo kwa bei ya kawaida kuna uwezekano mkubwa haina.

Kwa anayekwenda kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli wiki hii, cha kubeba ni picha tatu kwenye simu: nyuma ya TV, nyuma ya king'amuzi, na ukurasa wa mipangilio ya sauti ya TV. Zipigwe kwa karibu, maandishi ya kila tundu yasomeke. Muuzaji akisema kifaa chake kinachomekwa kwenye TV yoyote, mwonyeshe picha na umwombe aguse tundu ambalo sauti itatokea. Akigusa USB, nenda duka la jirani.